Mto Mara: waliokufa tuliwaona, waliobaki nani anawahesabu?

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi yakatoa harufu, na samaki wakaelea matumbo juu. Serikali ilizuia uvuvi kwa muda na kuunda kamati. Kamati ilisema kinyesi na mikojo ya mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni majini. Wengi hawakukubali, macho yao yalikuwa kwenye migodi ya dhahabu ya jirani. Watu wakabishana vijiweni na mitandaoni, na katika yote niliyosikia sikumsikia hata mmoja akiuliza: kabla ya Machi, mto ule ulikuwa na samaki gani, na wengi kiasi gani?

Nalirudia jambo hili kwa sababu kazi ya kuhesabu samaki wadogo wa mtoni mwaka hadi mwaka inadharauliwa. Gari, mafuta, posho, wataalamu watatu ndani ya gambuti, halafu wanarudi na hesabu ya samaki wenye urefu wa kidole ambao hakuna anayewapeleka sokoni.

Wanaopinga wana hoja. Kuhesabu hakumponyi samaki. Takwimu nyingi zimeishia kabatini. Mto wenyewe una mamba na viboko, si mahali pa kuingia ovyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na bado mahindi yanaota hadi ukingoni. Mwanakijiji akisema fedha hizo zikalinde kwanza mita 60, simlaumu. Ila tukishazilinda, miaka mitano baadaye, nani atatuambia kama mto umepona?

Hapo ndipo samaki wadogo wanapokuwa na thamani. Chukua ningu. Hupanda mito inayoingia Ziwa Victoria wakati wa mvua ili kutaga, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito ziliwanasa kabla hawajataga. Kuanguka kwa uvuvi wake katika Mto Nzoia, Kenya, kulishaandikwa miaka ya 1960, kwa sababu ningu aliuzwa na kukosekana kwake kulionekana. Lakini samaki wa biashara akipungua, nyavu hubeba lawama yote na maji huponea hapo. Ndugu zake wadogo wenye sharubu, wasiotafutwa na mfanyabiashara, wakipungua kisingizio hicho hakipo. Tena maisha yao ni mafupi, kwa hiyo kizazi kimoja kikikosa kutaga, pengo linaonekana mapema.

Kuna takwimu moja ya Mara ambayo haijanitoka kichwani. Watafiti waliufuatilia mto huo kwenye eneo la hifadhi, wanakoishi viboko zaidi ya 4,000. Kinyesi chao hujikusanya madimbwini, na mafuriko yakija hukisukuma chote chini kwa mkupuo. Katika miaka 3 mafuriko 49 yalishusha oksijeni. Katika 13 kati ya hayo ilishuka hadi kiwango cha hatari. Na katika miaka 5 walishuhudia samaki kufa kwa wingi mara 9.

Mara tisa! Mmoja ataichukua takwimu hii aseme: basi ni maumbile, tuache kelele. Mimi naisoma vingine. Mto unaoua samaki mara 9 katika miaka 5 na bado una samaki ni mto ambao samaki wake hurudi. Basi la kuuliza baada ya mizoga ni muda: huchukua miezi mingapi kurudi, na je, sasa wanachelewa kuliko zamani? Mizoga haiwezi kujibu hilo. Linajibiwa na walio hai, wakihesabiwa kabla na baada.

Na wahesabiwe kwa subira. Mwaka wa mvua nyingi samaki husambaa kwenye mbuga zilizofurika, wavu ukatoka mwepesi. Mwaka wa ukame hubanana kwenye vidimbwi, ndoo ikajaa, na asiyejua akaandika kuwa wameongezeka. Ndiyo maana ni pale pale, mwezi ule ule, kwa wavu ule ule na muda ule ule. Anayepima hulowanisha viganja kwanza asimbandue samaki ute wake, humlaza kwenye ubao wa vipimo, hutaja milimita, humrudisha majini. Asipopata kitu huandika sifuri, na sifuri hiyo ni ya kutunzwa kama namba nyingine yoyote.

Kila Septemba 15, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Hotuba huwepo, na miti hupandwa. Ningependa siku hiyo isomwe pia hesabu ya mwaka ya samaki wadogo, kituo kwa kituo, kuanzia Nyangores, tawi la juu la mto huo huko Kenya, hadi daraja la Kirumi, karibu na unapoingia ziwani upande wa Tanzania, mbele ya wafugaji, wachimbaji na wavuvi, kila mmoja akiwa na nakala ya mwaka uliopita mkononi.