Litania iliyotaja radi

Bibi yangu kule Ukerewe hakujua Kilatini. Lakini radi ikianza kupiga ziwani usiku, alivuta khanga kichwani na kusema, "A fulgure et tempestate," nasi wajukuu tukaitikia, "Libera nos, Domine." Katika radi na dhoruba, utuokoe ee Bwana. Tulidhani ni dawa. Aliyekulia kwetu anajua radi ina maelezo mengi, hasa ya nani kaituma, na bibi hakutaka kuyasikia hayo.

Ukubwani ndipo nikagundua maneno yale yanatoka kwenye Litania ya Watakatifu, ile ndefu, iliyoimbwa kwa maandamano Aprili 25, na tena siku tatu kabla ya Alhamisi ya Kupaa. Siku hizo tatu zilianzishwa karne ya 5 na Askofu Mamertus wa Vienne, Ufaransa, mji wake ulipoandamwa na majanga. Msalaba mbele, padre kavaa zambarau, watu nyuma wakitaja watakatifu mmoja baada ya mwingine. Kalenda mpya ya 1969 ikawaachia maaskofu wa kila nchi wazipange wenyewe. Parokiani kwangu sijawahi kuziona. Na litania tunayoimba Mkesha wa Pasaka ni fupi, radi haimo.

Mimi si wa kudai Misa ya Kilatini kila Jumapili. Ugomvi huo, uliowaka upya baada ya hati ya Papa Fransisko ya 2021 iliyoibana Misa hiyo, nawaachia wenyewe. Kayamba na vigelegele vyetu navipenda. Kinachoniuma ni kwamba tumeacha siku zilizotufaa sisi kuliko hata wenye nazo. Aprili 25 ni katikati ya masika. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku, tena usiku usio na mbalamwezi, ili taa zake zivute dagaa. Na ngurumo za ziwa hili hupenda saa hizohizo: nchi kavu imepoa, pepo za pande zote zinakutana juu ya maji yaliyobaki na joto, mawingu yanapanda. Nani anahitaji mstari ule kuliko yeye?

Upo na mstari wa tetemeko la ardhi. Niliukumbuka Septemba 10, 2016, Kagera ilipotikisika hadi sisi wa Mwanza tukakimbilia nje.

Kasoro ipo, nakiri. Litania inaomba mazao ya nchi na kuwasahau samaki; waliotunga walikuwa watu wa mashamba. Tukiingiza sangara na dagaa humo, sidhani Mtakatifu Petro atalalamika.

Utaniambia wavuvi wanunue majaketi okozi kwanza. Ni kweli, kwanza majaketi. Wale waliolala makaburini Igoma tangu meli ya MV Bukoba izame mwaka 1996 hawakuuawa na radi. Ila sioni kwa nini maandamano yakifika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, paroko asibariki mitumbwi huku mzee mmoja akipita kukagua nani ana jaketi na nani hana.

Aprili 25 ni mkesha wa Muungano, kesho yake watu hawaendi kazini. Nimewagusia wenzangu wawili wa jumuiya kwamba jioni hiyo twende mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, tukaiimbe hata watatu. Mmoja kakubali. Wa pili kauliza kama kutakuwa na chai.