Kabla ya kuchangia upasuaji, tuulize maji yanapitaje

Dada yangu mdogo anauza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu. Asubuhi moja aliinua sufuria ya uji kwa mkono wa kulia, akaenda nayo hadi mezani, na Mama ndiye aliyepiga ukemi alipoona vidole vyake vimetoka malengelenge. Dada alijua ameshika sufuria. Uzito aliusikia, hata ule ukingo wa chuma aliusikia. Moto ndio hakuusikia.

Kabla ya hapo alikuwa analia na kichwa. "Dada, nikikohoa ni kama nimepigwa rungu kisogoni," aliniambia. Akichafya, akicheka, akiinama kuinua debe, ni maumivu yaleyale, kisha yanatulia. Tulimaliza mwaka mzima kwa dawa za kutuliza maumivu na miwani mpya.

Hatimaye akapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Ripoti ilisema ncha za ubongo mdogo, ule wa kisogoni, zimeshuka milimita 8 chini ya tundu la fuvu, pale ubongo unapoungana na ugwe wa mgongo: kasoro ya Chiari. Aliyetusomea alisema dawa yake ni upasuaji, basi. Jioni hiyohiyo kundi letu la WhatsApp lilikuwa na mweka hazina, na shangazi wa Nakuru alishatuma mchango wake. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, mimi nikiwemo.

Ninaandika kwa sababu ya swali tulilopaswa kuuliza: maji yanayozunguka ubongo na ugwe wa mgongo yanapitaje hapo tunduni? Milimita peke yake haitoshi kumpeleka mtu kisuni. Madaktari wengi huanzia milimita 5 kuita hali hiyo Chiari, lakini kuna watu wenye kipimo hicho na zaidi ambao hawaumwi chochote, na wanaishi hivyo hadi uzeeni. Wengine ubongo wao umeshuka kwa sababu maji ya ubongo yanavuja mahali fulani mgongoni. Picha inafanana na Chiari, ila kinachotakiwa ni kuziba pale panapovuja, si kukata mfupa wa kisogo.

Hans Chiari, aliyeieleza kasoro hii akiwa Prague mwaka 1891, aliiona kwenye maiti. Kwa maiti maji hayatembei. Picha ya kawaida ya MRI nayo inakuonyesha vitu vimetulia, na shida ya Chiari kwa sehemu kubwa ni shida ya mwendo.

Fuvu halitanuki. Moyo ukipiga, damu inaingia kichwani, na maji ya ubongo yanapisha kwa kushuka shingoni. Kabla ya pigo linalofuata, yanarudi juu. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili unatengeneza kama nusu lita kila siku. Sasa ncha za ubongo zikikaa mlangoni, yatapita wapi? Mtu wa Ahero, kule kwetu kwenye mafuriko, haelezwi jambo hili mara mbili. Kalavati likiziba, hupimi ukubwa wa jiwe lililoingia. Unangoja mvua, unaangalia kama maji yanavuka barabara au yanarudi shambani.

Kipimo cha mtiririko ndiyo hiyo mvua. Kinafanywa kwa MRI ileile, iwapo mashine ina programu yake. Hakuna sindano ya dawa ya rangi, na huongeza dakika chache tu. Dada alibanwa kibano kidoleni ili mashine ifuate mapigo ya moyo wake, kisha tukaonyeshwa picha zinazocheza kama filamu fupi: maji yakishuka yanakuwa meupe, yakipanda yanakuwa meusi (mashine nyingine hugeuza rangi hizo). Mbele ya shina la ubongo weupe na weusi vilipishana vizuri. Nyuma, pale ncha zilipojishindilia, palibaki kijivu kitupu, mpigo baada ya mpigo. Nililia palepale, maana ndipo nilipoelewa.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mgonjwa anaweza kuliuliza bila aibu. Mtaalamu hupanga mapema kasi ambayo mashine itatafuta, na maji haya huenda sentimita chache kwa sekunde. Akiipanga juu mno, mtiririko wa polepole hauonekani, utadhani pameziba. Akiipanga chini mno, rangi zinageuka na kudanganya. Kwa hiyo omba daktari aandike kwenye fomu, kabla hujalipa, kwamba anataka mtiririko mbele na nyuma ya tundu la fuvu. Sisi tulilipia MRI mara mbili kwa kutojua.

Sitaki mtu aache upasuaji kwa sababu ya makala hii. Filamu hiyo nayo haiamui peke yake: wapo ambao maji yao yanapita vizuri na bado wana kichwa kile cha kikohozi, na wapo walioziba bila dalili. Kwa dada, mambo matatu yaliongea pamoja: kichwa, njia ya nyuma iliyoziba, na mfuko wa maji uliokuwa umejitengeneza ndani ya ugwe wa mgongo, wanaouita sirinksi. Huo ndio uliomnyima kusikia moto huku ukimwachia kusikia mguso. Mtu mwenye mfuko huo na mkono unaozidi kudhoofika asikae miezi akitafuta filamu. Amwone daktari wa upasuaji wa ubongo haraka.

Alipasuliwa. Walitoa kipande cha mfupa wa kisogo na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo, wakafungua utando wa ubongo na kuushonea kiraka ili maji yapate nafasi. Tulionywa mapema kwamba kiraka kinaweza kuvuja. Hakikuvuja. Kwenye filamu ya baadaye, pale palipokuwa kijivu weupe ulionekana, mwembamba, ukifuata moyo.

Sasa anakohoa bila kushika kisogo. Mkono wa kulia haujarudi kama zamani, na sufuria anaipima kwanza kwa mgongo wa mkono wa kushoto.