Risala ya mgeni rasmi si historia ya ushirika

Kanisa lolote hapa Tanga likikaribia kutimiza miaka ishirini na tano au hamsini, kwanza huundwa kamati, halafu zinachapwa kadi za michango, halafu unaanza mzozo wa rangi ya kitenge. Sina ugomvi na kitenge. Nimeshavaa sare za jubilei za madhehebu yasiyo yangu, na pilau la siku hizo nimelila bila kuulizwa ubatizo wangu. Linalonikera ni ile karatasi inayosomwa mbele ya mgeni rasmi, ambayo sherehe ikiisha inawekwa kwenye faili na kuitwa historia ya ushirika.

Kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la jubilei anaijua. Ushirika ulianza na waumini wachache waliosali katika darasa la shule ya msingi. Hapo hapo habari za hao wachache zinaishia, hata majina hawatajwi. Kinachofuata ni orodha ya wachungaji na vipindi vyao, kiwanja kilivyopatikana, msingi, lenta, bati. Kisha mafanikio, kisha changamoto, na mwisho ombi la vyombo vya kwaya. Mgeni rasmi anatoa bahasha, anaahidi mifuko ya saruji, mnada unafunguliwa, na jogoo ananunuliwa na watu watano mfululizo bila hata mmoja kwenda naye nyumbani.

Kwa kusema kweli risala haikuandikwa kwa ajili yetu. Imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuja na bahasha, na imepangwa ili imwelekeze kwenye ombi. Ndiyo maana humo jengo lina maisha marefu kuliko watu.

Mimi ni Mmoravian, na ninaona aibu yetu ni kubwa zaidi kwa sababu sisi hatuna haja ya kuazima namna ya kuadhimisha. Kanisa letu, Umoja wa Ndugu, linahesabu umri wake tangu mwaka 1457, pale Kunwald katika Bohemia, leo Jamhuri ya Cheki, wafuasi wa Jan Hus, padri aliyetaka kanisa lirekebishwe, walipoanza kuishi pamoja miaka arobaini na miwili baada ya yeye kuchomwa moto. Lakini siku inayotugusa zaidi ni Agosti 13, 1727, na watu wengi huitaja kama siku ya Roho kushuka bila kueleza yaliyotangulia. Herrnhut, kule Saksonia, Ujerumani, kilikuwa kijiji cha wakimbizi wa imani kilichoanza 1722 katika ardhi ya mwungwana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Walikuja kutoka Moravia na kwingineko, kila mmoja na mafundisho yake, na ndani ya miaka mitano walikuwa wamegombana vibaya. Mwezi Mei 1727 wakatia saini mapatano ya kuishi kama ndugu. Agosti wakaenda kanisani Berthelsdorf kushiriki Meza ya Bwana, wakatoka wamepatana. Hawakutaka kutawanyika, basi Zinzendorf akapeleka chakula ili wakae vikundi vikundi wakila na kuimba. Karamu ya upendo tunayoifanya hadi leo chimbuko lake ni hapo.

Kwa hiyo sikukuu yetu kubwa ni kumbukumbu ya watu waliogombana na kusuluhishwa. Hapakuwa na jengo la kuzindua. Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida tu. Desturi ya karamu ya upendo mpaka sasa ni mkate mdogo na kinywaji cha moto, na kwa Tanga hii yenye boflo, mahamri na chai ya tangawizi kila kona ya Ngamiani, sioni kwa nini bajeti ya chakula itufanye tumsumbue mama mjane kwa kadi ya ahadi.

Kuna desturi nyingine ya Ndugu tuliyoiacha njiani, nayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kule Herrnhut kila muumini alitarajiwa kuandika mwenyewe habari za maisha yake: alikozaliwa, alivyofika katika ushirika, alivyoanguka, alivyoinuliwa. Siku ya maziko yake ikasomwa. Waliandika wafumaji, watumishi wa nyumbani, wajane, wamisionari. Nyaraka hizo zimehifadhiwa huko kwa maelfu, na wanaotafiti maisha ya watu wa kawaida wa karne ya 18 wanazitegemea sana, kwa sababu mahali pengi watu wa aina hiyo hawakuacha hata mstari mmoja.

Utasema na sisi tunasoma wasifu wa marehemu. Tunasoma, ndiyo. Unaandikwa usiku wa kuamkia maziko na mpwa mwenye mwandiko mzuri, akiwauliza shangazi zake mwaka wa kuzaliwa wakabishana. Unaeleza alisoma wapi, alianza kusumbuliwa na presha lini, alilazwa hospitali gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Mwenyewe hayumo, wala hakuna aliyekumbuka kumuuliza alipokuwa hai.

Na hapa Tanga tuna tatizo ambalo wenzetu wa Rungwe hawana. Umoravian ulifika Rungwe mwaka 1891, ukaingia Urambo 1898, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Lakini pwani hii sisi ni wageni. Tanga ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na miongoni mwa Wakristo Waanglikana wa Magila kule Muheza walitutangulia mbali. Watu wa bara waliletwa huku na kazi. Kwanza ulikuwa mkonge, ule aliouleta Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikapona na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yalipotanuka yakahitaji mikono, wakaja Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, wakaitwa manamba. Kulikuwa pia na reli na bandari, halafu uhamisho wa walimu, wauguzi na askari. Nikikaa benchi la nyuma siku ya Jumapili na kusikiliza salamu baada ya ibada, najua nani katoka Tukuyu, nani Sikonge, na nani kazaliwa Makorora hapa hapa mjini akijua neno moja tu la kwao, la kumwamkia bibi.

Mtu wa namna hiyo akifariki, mara nyingi tunasafirisha msiba. Ibada fupi ya kuaga, basi linakodiwa, watu wanachanga mafuta, na mwili unaenda Tukuyu. Wasifu unasomwa kule, mbele ya ndugu ambao kwao miaka yake thelathini ya Tanga ni sentensi moja: "alifanya kazi Tanga." Sisi tuliokula naye, tuliogombana naye kwenye baraza la wazee, tuliojua kwamba ndiye aliyekuwa akifungua kanisa alfajiri kwa funguo zilizofungwa kamba ya katani, tunabaki na jina katika daftari la zaka. Mwaka wa jubilei unapofika, daftari hilo haliulizwi chochote.

Nilipowaambia wenzangu kwamba jubilei yetu ikusanye habari za maisha ya waumini kutoka vinywani mwao, mmoja alisema wazee hawataki kuandika. Hilo si kweli kabisa. Wazee hawataki fomu. Mkalie mmoja barazani jioni, umwamkie vizuri, umwulize treni ilimshusha saa ngapi na alilala kwa nani usiku wa kwanza, utaondoka baada ya isha. Katika mazungumzo ya namna hiyo nimesikia jambo ambalo hakuna risala iliyowahi kulitaja: kwamba nyumba ya kwanza waliyokuwa wakifanyia sala za jioni ilikuwa ya kupanga, mwenye nyumba Mwislamu, naye alikuwa akiwaazima mikeka. Kwa Tanga ninayoijua mimi jambo hilo si la ajabu, nasi kwenye maulidi yao tunakula. Ila lilistahili kuandikwa kabla ya bati.

Hofu ya pili ina uzito zaidi. Watu wakisema kwa vinywa vyao watasema yote. Watamtaja mhasibu ambaye hesabu zake hazikusomwa, na kundi lililotoka na kwenda kuanzisha huduma yake mtaa wa pili, na binti aliyetengwa huku kijana mwenziwe akiendelea kupiga kinanda. Najua. Sidhani kila kitu kisomwe hadharani siku ya sherehe, na mchungaji mwenye busara atajua cha kukaa kwenye sanduku. Lakini sisi tunaoshangilia Agosti 13 hatuwezi kuwa watu wa kuogopa kutaja ugomvi. Tukiuondoa ugomvi wa Herrnhut, siku yenyewe haina maana, inabaki chakula.

Nisionekane mtu wa kuchukia furaha. Matarumbeta yapigwe, tena yapite hadi Barabara ya Ishirini. Kwaya ya akina mama iimbe mpaka mashine ya muziki ichoke. Na mgeni rasmi aje, ila akae asikilize kama sisi. Ninachoomba ni saa moja katikati ya ratiba ambapo habari za maisha ya waumini watatu au wanne, waliohai, zisomwe kwa sauti na vijana waliozichukua kwao. Nyingine zote zipigwe chapa, zijalidiwe, ziwekwe ofisini. Gharama yake haifiki bei ya turubai.

Kamati inakutana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Nimemwomba katibu aiweke ajenda hii juu ya ile ya kitenge, maana wakishaanza rangi hakuna atakayesikia lingine.