Mtwara hatuna shida ya viwanja, tuna shida ya mabomba na mitaro

Mtwara ni mji ulioachiwa nafasi kubwa kuliko watu wake. Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao mkubwa wa kulima karanga, wakaweka bandari, reli ya kwenda Nachingwea, barabara pana na viwanja vikubwa vya Shangani, hesabu yao ilikuwa watu kama laki mbili. Mradi ukafa 1951, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, na sensa ya 2022 imetukuta Mtwara-Mikindani tuko karibu laki moja na nusu. Sasa kwa nini kila habari ya ardhi hapa ni kupima viwanja vipya, tena mbali zaidi, mikorosho inakatwa upande wa Naliendele na bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zinachomekwa?

Wanaotaka mji utanuke wana hoja, tusiwabeze. Kiwanja cha pembeni ni bei rahisi, na mtu wa huku anajenga kwa msimu, korosho ikilipa mnadani mwaka huu anaweka msingi, mwakani ukuta, bati mpaka Mungu ajalie. Huyo ukimwambia abanane mjini kati hana hela ya kununua hapo. Halafu pia mji ukibanana bila mpango unapata mambo ya Magomeni na Chikongola za hapahapa Mtwara, nyumba zimegusana mpaka gari la kunyonya choo halipiti, na nyumba zetu nyingi zinategemea mashimo, kwa hiyo ukiongeza nyumba unaongeza mashimo karibu na visima vya watu. Hilo ni jambo la afya kabisa.

Ila tupige hesabu ya bomba. Chukua barabara ya kilomita moja, viwanja vikiwa na upana wa mita 40 unapata nyumba 50 pande zote mbili, vikiwa vya mita 20 unapata 100, na bomba ni lilelile, nguzo zilezile, mtaro uleule. Sasa nusu ya hivyo viwanja vikubwa viwe pori, umebaki na nyumba 25 za kulipia miundombinu ya kilomita nzima. Ndo maana mtu anajenga huko pembeni anakaa miaka anachota maji ya kununua kwa madumu, anamlipa bodaboda kila siku kwenda mjini, ile hela aliyookoa kwenye kiwanja inaisha taratibu wala haioni ilipoendea.

Na viwanja pori vipo vingi, vingine vina hati kabisa. Wakati wa joto la gesi asilia, kabla bomba la gesi la kwenda Dar halijakamilika 2015, watu walikuja kununua ardhi kwa fujo, madalali walitajirika, baadae moto ukapoa na wenye viwanja wakaondoka wakaacha nyasi na mapagale. Hati kwa kawaida inakutaka uendeleze ndani ya miezi 36, usipofanya hivyo miliki inaweza kufutwa, lakini kufuta ni mamlaka ya Rais kupitia wizara ya ardhi, halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikamnyang'anya mtu. Na mimi sitaki wafanye haraka hapo, kwa sababu rungu hilo likishushwa ovyo litampata yule wa msingi wa korosho, mwenye viwanja sita anayeishi Dar ana wakili wake. Waangalie idadi. Mwenye kimoja apewe muda, mwenye vingi ambavyo havijaguswa tangu enzi za gesi ndo aanze kuandikiwa notisi.

Watu wa Magomeni nao wasihamishwe kisa mji upendeze. Pale kinachotakiwa ni urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi palepale yalipo, kila mtu aachie kipande kidogo njia ipite na mtaro upite. Hapa ndo pagumu, maana mwenye eneo la kona anaweza kuachia mita tatu na jirani yake wa katikati asiachie kitu, na kwa kawaida hakuna fidia ya kipande hicho, kwa hiyo mkutano wa mtaa lazima ukae hilo likubaliwe kabla mpima hajaleta vifaa. Kubanana peke yake sio ubaya, Mikindani ya zamani imebanana na watu wanatembea kwa miguu mpaka msikitini na sokoni.

Mashamba ya pembeni kama lazima yapimwe, basi uende ule utaratibu wa mwenye shamba kubaki na sehemu ya viwanja badala ya kulipwa hela ya mikorosho mara moja, mkorosho unazaa miongo na miongo, hela ya fidia inaisha kwa bati na pikipiki. Halmashauri nayo kabla haijatangaza viwanja vingine ibandike ofisi ya kata orodha ya vile vilivyopimwa tayari, vipi vina maji na vipi havina, na vipi vimekaa zaidi ya hiyo miezi 36.