Igeuzeni nyumba kabla msingi haujachimbwa

Nyumba ya mama mdogo, hapa Isevya, Tabora, ina bati jipya, madirisha ya aluminiamu na vigae mpaka barazani. Lakini Oktoba, ikifika saa kumi na moja jioni, sebuleni hapakaliki. Jua linaingia mpaka kwenye makochi. Akifunga pazia, giza. Anawasha taa, kisha feni. Jua bado liko nje na mtu ananunua umeme ili aone kikombe chake cha chai. Inaniuma, kwa sababu nyumba ile ni jasho lake la miaka.

Nilichukua futi, nikapima kila kitu, nikaijenga upya kwenye kompyuta. Sisemi zile picha za rangi za kumvutia mteja. Nasema modeli ya vigezo: upana wa dirisha, urefu wa upenu, nyumba inakotazama, vyote ni namba. Badilisha namba moja, nyumba nzima inajichora upya, na hesabu za jua na mwanga zinafuata. Natumia Grasshopper, programu ya kuchora kwa vigezo, na Ladybug, kiongezo chake cha hesabu za jua na hali ya hewa. Hesabu ya mwanga inafanywa na programu nyingine, Radiance, ambayo ni ya bure.

Upenu wake una sentimita 60. Muda ule wa jioni jua limeshainama, na kwenye ukuta wa magharibi kivuli cha upenu kinashuka kama sentimita 27 tu. Nikarefusha upenu mara mbili. Kivuli hakikufika hata nusu ya dirisha. Kisha nikaigeuza nyumba, dirisha lilelile likatazama kaskazini. Adhuhuri ya Juni, jua linapokuwa upande huo, upenu uleule wa sentimita 60 ulishusha kivuli zaidi ya mita 1. Bati halikuongezeka, tofali halikuongezeka. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua letu la adhuhuri liko juu sana mwaka mzima na ni rahisi kulizuia. Linalotutesa ni la asubuhi na la jioni, na ramani nyingi za nyumba zinazozunguka kwenye simu za watu hazijui kiwanja chako kinatazama wapi.

Upepo nao una yake. Dirisha la kuslaidi la vioo viwili hufunguka nusu tu, ukilipia mita moja na nusu unapata sentimita 75 za hewa. Na chumba chenye dirisha upande mmoja, mlango ukiwa umefungwa, hewa itokee wapi? Kwenye modeli nilitoboa tundu juu ya mlango, kuelekea korido, na hewa ikapata njia. Ila lazima uchore na ukuta wa jirani, maana ndio unaokata upepo, na utumie takwimu za hali ya hewa za Tabora, si za Dar es Salaam. Ukikosea hapo, kompyuta itakupa jibu zuri la mji mwingine.

Nilipomwonyesha, mama mdogo alitazama kioo cha kompyuta kimya, akauliza, “Mwanangu, kumbe ilikuwa kugeuza tu?” Nilishindwa kumjibu. Tumetoboa matundu juu ya milango, na upande wa magharibi tumepanda mwarobaini, ambao bado unanifika magotini.

Wachoraji wenzangu, kazi hii ni ya siku moja au mbili. Iwekeni ndani ya bei ya ramani, msingoje mteja aiombe. Hawezi kuomba asichojua kwamba kipo. Mdogo wangu ana kiwanja Ipuli, na fundi anataka kuanza kuchimba Jumatatu. Nimemwomba asubiri.