Kauntabuku Yangu Haikuwa na Poti

Jamani, mimi nilikuwa na kauntabuku. Kwaya mbili, gamba gumu, imejaa namba za simu na barua pepe za ofisi nzima, kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini. Ukiniulizia mtu, nalowesha kidole mate, nafunua, nakutajia. Umeme ukikatika nasogea dirishani naendelea kusoma. Basi likaja tangazo: kuanzia Jumatatu majina yote yapo kwenye seva ya LDAP, yaani kompyuta kuu inayotunza orodha ya watu na kujibu kompyuta nyingine zikiuliza, kila mtumishi aunganishe kitabu cha anwani cha kompyuta yake huko. Nami kwa kiherehere changu, kauntabuku nikampa mama karanga pale nje. Akachana ukurasa wa kwanza mbele ya macho yangu, ule wa bosi, akafungia karanga za mia mbili.

Jumatatu yenyewe ni Julai, Mbeya. Aliyeuonja mwezi wa saba wa huku hahitaji maelezo. Nimevaa koti juu ya sweta, vidole vimekufa ganzi, simu nimeibana begani, kijana wa TEHAMA ananielekeza. Fungua Thunderbird, ile programu ya barua pepe. Nimefungua. Ongeza dairektori ya LDAP. Nimeongeza. Jina weka lolote, jina la seva ni hili, sasa pale kwenye Base DN andika "ou", alama ya sawasawa, "watumishi", koma, "dc", sawasawa tena...

Nikamwambia, mwanangu, taratibu, hii ni anwani au aljebra?

"Mzee, majina yamepangwa kama mti. Hapo unaiambia ianze kutafuta kwenye tawi gani."

Sawa, mti. Poti, yaani namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva, 389. Nimeandika. Akaghairi: hapana mzee, weka tiki pale kwenye SSL, ile ya kuficha maandishi yakiwa njiani, poti iwe 636, ili majina ya watu yasitembee uchi njiani. Nikafuta, nikaandika. Ofisi yetu haina hita, lakini majina yanavalishwa nguo.

Tena akanipa na historia. Eti LDAP ilitoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993, na ile L ya mwanzo maana yake ni "nyepesi". Kabla yake kulikuwa na mfumo unaoitwa X.500, wa mwaka 1988, huo ndio ulikuwa mzito. Nilinyamaza. Kama huyu ndiye mwepesi, yule mzito walikuwa wanambeba na fuso?

Nikabonyeza Sawa, nikafungua kitabu. Kitupu. Cheupe kama shati la ubarikio. Nikapiga simu, mwanangu, seva yako imeibiwa.

"Haijaibiwa, mzee. Hiyo haionyeshi majina mpaka utafute."

Hapo ndipo damu ilipochemka, na kwa baridi ile nikashukuru. Kitabu gani hicho kinachosubiri umtaje mtu ndipo kikutajie huyohuyo? Mimi kwenye kauntabuku nilikuwa napitisha macho tu, namwona yule bwana wa ujenzi, nakumbuka ana deni langu. Hiki huwezi kukichungulia. Lazima uje na jina mkononi, kama umefika mochwari.

Haya, nikatafuta. Hakuna mtu. Kumbe nilikuwa nimechagua kitafute ngazi moja tu, na watu wamewekwa kwenye matawi ya chini, idara kwa idara. Yaani umemfuata mtu Mwanjelwa, unasimama barabarani unaita, sokoni huingii. Nikabadilisha kishuke mti mzima.

Sasa nikaandika "Mwa". Mbeya hii. Ofisi ya serikali. "Mwa"! Wakamwagika Mwakalinga, Mwaipopo, Mwambene, Mwandambo, Mwakipesile, kikajaa kioo, kikafika majina mia moja kikagoma, kwa sababu kuna sehemu imeandikwa kisilete zaidi ya mia. Aliyepanga ile mia hajawahi kufika Tukuyu. Katikati yao nikajiona na mimi, na namba ya simu niliyoiacha miaka mitatu iliyopita. Nikataka kusahihisha, hakikubali. Ni cha kusoma tu, marekebisho yanafanyika kwenye seva, na wenye seva hawapokei simu saa ya chai.

Nikasema basi, niitumie kwa jambo moja la maana. Kuna mnyalukolo mwenzangu pale bohari, anaitwa Kalinga, aliniagiza viazi kutoka Uyole. Nikaandika "kalinga", jina likaja juu kabisa, nikabofya bila miwani, nikatuma: "Kamwene. Mzigo wako umefika, lumbesa mbili. Pitia mlango wa nyuma saa kumi na moja, usimwambie mtu, hela tutaelewana."

Kumbe kile kitabu ukikipa "kalinga" kinatafuta hata katikati ya jina. Kalinga alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa Mwakalinga.

Mwakalinga ni mkaguzi wetu wa ndani.

Nilijua nilipoona jibu. Nilikaa nalitazama hadi kioo kikazima chenyewe, nikagusa kipanya, likawa bado lipo. Mstari mmoja, bila salamu: "Kesho saa mbili ofisini kwangu. Njoo na viazi na mzani."

Mzani wenyewe uko kwa Kalinga, bohari. Nikakimbilia kitabu nimpate namba yake, mtandao umekatika, na mtandao ukikatika kitabu nacho kinakufa. Kijana anasema eti kuna sehemu ya kupakua majina yote ukae nayo, ningeipakua asubuhi. Asubuhi hakunitajia.

Nikashuka kwa mama karanga. Herufi K, nikamwuliza, bado ipo? Akafunua alichobakiza. Kinaanzia S.