Mwacheni mzee na Prado yake

Kila Desemba ikikaribia, kikundi cha familia yetu huwaka moto, na sisi tulio ng'ambo ndio huwasha. Baba yetu mzee auze gari lake, ile Toyota Prado. Ni ya mwaka 1999, inakula dizeli, imechoka. Achukue kigari kidogo cha kisasa kwa mkopo wa benki, watoto tuchangie kila mwezi. Mimi naishi Birmingham na niko upande wa mzee. Naandika kwa sababu kwenye simu mambo haya hayaishi, na kwa sababu najua familia nyingine za Nakuru na Kakamega zinavutana hivihivi.

Tuanze na huku tunakojisifia. Uingereza gari likitimiza miaka mitatu, kila mwaka linapelekwa kwenye ukaguzi unaoitwa MOT. Ada yake kwa gari la kawaida haizidi pauni 54.85, na hiyo si pesa ya kumliza mtu. Kinachomliza ni karatasi anayopewa baadaye. Wanaangalia breki, taa, moshi, mifereji ya tairi isiwe na kina cha chini ya milimita 1.6, na wanaangalia kutu. Hiyo kutu ndiyo muuaji. Majira ya baridi malori hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, na chumvi hiyo hula gari kutoka chini, mwaka baada ya mwaka, huku juu rangi inang'aa.

Nimeliona dada la gari letu likiinuliwa gereji hapa. Walikuwa wakiliuza kwa jina la Land Cruiser Colorado, lakini ni Prado ileile. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, viti safi kuliko vya mzee. Fundi akachukua bisibisi, akadunga fremu karibu na gurudumu la nyuma, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Kuichomelea upya ingekuwa kazi ya siku nzima na zaidi, na gereji hapa hulipisha kwa saa. Mwenye gari alipiga hesabu palepale, akaona bei ya kazi imeipita bei ya gari. Likavutwa kwenda kupondwa, injini yake nzima ndani.

Chini ya Prado ya mzee kuna vumbi jekundu na grisi. Nakuru hakuna chumvi barabarani. Hata Kisumu, pamoja na ziwa lote lile, maji ni baridi, hayana chumvi ya kula chuma. (Mombasa ni habari nyingine, msininukuu.) Kwa hiyo mtu anaponiambia "magari ya miaka ile huko hayaonekani tena barabarani", namjibu kwamba mengi yaliuawa na hali ya hewa na bei ya fundi, si kwa sababu injini zilikufa.

Halafu kuna moshi. Tangu Juni 2021, ukiingia katikati ya Birmingham na gari la dizeli lisilofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari, unalipa pauni 8 kwa siku. Gari la umri wa Prado yetu halifikii hata karibu. Sipingi sheria hiyo, watoto wangu wanapumua hewa hiyohiyo. Juu yake kuna kodi ya gari ya kila mwaka, utembee usitembee, ilimradi gari linaruhusiwa barabarani. Kenya kodi ya barabara imo ndani ya mafuta: shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Mwaka huohuo serikali ilijaribu kuongeza kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000, na wananchi wakaikataa pamoja na Mswada wa Fedha wote. Mzee wetu ni mstaafu. Gari lake huenda kanisani, sokoni, hospitali, na ushago kwenye matanga na harusi. Asipotembea, halipi. Mkopo haujui kama ametembea au amelala. Na benki ikikupa mkopo wa gari inataka bima kubwa juu yake, kila mwaka mpaka deni liishe. Hapo sijaona nafuu ambayo ndugu zangu wanaiona.

Nakubali gari jipya linamlinda mtu vizuri zaidi likigongwa, hilo sibishi. Ila gari jipya tunaloweza kumudu ni lile la chini, la tumbo kukwaruza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Prado nyingine kama hii huwezi kuagiza tena, na iliyo mpya zaidi ni bei ya ploti. Mvua ikinyesha barabara ya kwenda kwetu, ukishaacha lami upande wa Shinyalu, udongo unateleza kama sabuni. Hapo mtu anataka magurudumu manne yanayovuta, nafasi ya nyanya kukaa bila kukunja goti, na nyuma gunia mbili za mahindi.

Kwa hiyo gari libaki. Ugomvi wangu na nyumbani uko kwenye namna linavyotunzwa, na hapa mzee mwenyewe atanisamehe.

Injini yake ni 1KZ-TE, dizeli ya lita tatu. Ni injini ngumu, lakini hedi yake, kile kichwa kinachofunika injini kwa juu, ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikipata joto kupita kiasi hedi hupasuka. Kila fundi wa Nakuru anajua hivyo. Dawa yao ni ipi? Wanatoa thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye redieta yakishapata joto. "Hii ni ya nchi za baridi, dada," fundi wetu aliniambia nilipokuwa likizo, "huku maji yaachwe yapite." Alikuwa ameitupa kwenye mkebe wa nati kuukuu.

Nikamwomba aitoe mkebeni. Imepigwa muhuri wa 82, yaani nyuzi joto ambazo inaanza kufunguka. Tukachemsha maji jikoni kwa mama, kwenye sufuria ambayo nilikuja kujua baadaye kwamba ni ya ugali, tukaitumbukiza kwa waya. Maji yalipokaribia kuchemka ile sahani ndogo ikaanza kuinuka taratibu, ikafunguka kabisa. Tukaitoa, ikapoa, ikafunga. Nzima. Ilikuwa imetolewa ikiwa nzima.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi ni hili. Kwenye Toyota nyingi thamostati ikifunguka juu, chini yake huziba njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kufika kwenye redieta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto yanazunguka tu ndani ya injini. Mjini hutaona kitu. Lakini panda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, gari limejaa watu, uone mshale wa joto unavyotambaa. Asubuhi ya baridi nayo, injini inachelewa kupata joto na inakunywa dizeli bure. Tuliirudisha, tukaweka kulanti halisi, maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya kisima yanayoacha magamba ndani ya redieta. Fundi hakufurahi. Mama hakufurahi zaidi kuhusu sufuria.

Jambo la pili ni daftari, na hili ndilo pekee ambalo ningebeba kutoka Uingereza likaingia Kenya bila ushuru. Hapa nikitaka kununua gari, naandika namba yake kwenye intaneti na bure kabisa naona historia ya ukaguzi wake: limefeli lini, kwa sababu gani, na lilikuwa limetembea maili ngapi kila mwaka. Nakuru historia ya Prado iko kichwani mwa fundi. Fundi wa kwanza alihamia Eldoret akaondoka nayo.

Mfano ni belti ya taiming, ile inayofanya valvu na pistoni za injini ziende pamoja. Dashibodi ya gari hili ina taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka belti ikifika wakati wa kubadilishwa. Niliuliza ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Mzee akasema fundi anajua, fundi akasema yule wa kwanza anajua. Taa ilikuwa imezimwa, na taa kuzimwa si ushahidi, kwa sababu yeyote anaweza kuizima bila kugusa belti. Ikikatika njiani, pistoni zinagonga valvu, na hapo ndipo watu huanza kusema gari limezeeka. Mzee alikuwa mwalimu. Maisha yake yote aliandika rejista ya darasa asubuhi na jioni, lakini gari lake halikuwa na hata ukurasa mmoja. Sasa lina daftari kwenye kisanduku cha mbele: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei, na spea kuukuu lazima irudishwe mkononi mwake.

Tukitaka kuchanga, tuchangie vitu hivi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa maana hufyonza unyevu na kuchemka breki zikipata joto, na mteremko wa kutoka Kericho mpaka Awasi utakupasha joto hata ukiwa na gia ndogo. Buchi za mbele, zile mpira za kwenye viungo vya magurudumu. Belti imeshalipiwa.

Na tairi. Angalieni ubavuni, kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mzee zina mifereji mizuri kwa sababu hatembei sana, ila mpira umeanza kupasuka kwa umri. Msitume pesa ya tairi nne. Tumeni ya tairi tano, maana ile ya spea iliyo kwenye mlango wa nyuma imepigwa jua miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuisoma.